Mwana wa Mhunzi: Habari za Jamaa ya Kuti wa Abeokuta

Msomaji mpenzi, wahenga wetu walisema: Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake si ngumu. Mtoto aliyezaliwa penye kazi ya chuma, hata kama hakupata ustadi wa kufua jembe au kisu kama baba yake, hakosi kushika mivukuto na kuuchochea moto. Kazi ya nyumbani humwingia mtoto pasipo kuitiwa darasa. Huisikia kabla hajajua kusema, huiona kabla hajajua kuuliza, na siku anapokuwa mtu mzima huikuta imo mikononi mwake, apende asipende.

Methali hii ni ya kweli, lakini imeficha swali ndani yake. Je, mwana wa mhunzi akiuchukua moto uleule na nyundo ileile, akafua kitu ambacho baba yake asingekubali kukiona nyumbani, huyo bado ni mwana wa mhunzi? Ili tulijibu swali hilo, nataka twende pamoja mpaka nchi ya Nigeria, katika Afrika ya Magharibi, tukaitazame nyumba moja kwa vizazi vitano. Chuma cha nyumba hiyo kilikuwa wimbo, na moto wake ulikuwa imani.

Kwanza yafaa tuujue mji wenyewe. Abeokuta maana yake ni "chini ya mwamba". Mji huo ulianzishwa mwaka wa 1830 na Waegba, ambao ni tawi la kabila la Wayoruba. Vita vilikuwa vimewafukuza makwao, nao wakakimbilia kwenye mwamba mkubwa uitwao Olumo, wakajificha katika mapango yake, kisha wakajenga nyumba kuuzunguka. Basi Abeokuta ulikuwa mji wa wakimbizi tangu siku yake ya kwanza.

Baada ya miaka michache wakaja wakimbizi wa namna nyingine. Hao walikuwa Wayoruba waliokamatwa na kuuzwa utumwani, kisha wakaokolewa baharini na merikebu za Waingereza, wakapelekwa Sierra Leone. Huko walijifunza kusoma, wengi wakawa Wakristo. Waliposikia kwamba ndugu zao wangali hai wakarudi, na pamoja nao wakaja wamisionari wa Chama cha CMS, ambao kituo chao kilianza Abeokuta mwaka wa 1846. Msomaji wa Kenya atakumbuka mara moja habari za kwetu. Chama hichohicho kilimleta Krapf Mombasa mwaka wa 1844, na baadaye kikajenga Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa. Kwa hiyo Mombasa na Abeokuta, ingawa bara zima la Afrika liko katikati yao, ni kama ndugu wa mama mmoja wasiojuana.

Katika mji huo alizaliwa mwaka wa 1855 mtoto aliyeitwa Josiah Jesse Kuti. Baba yake alishika desturi za wazee wala hakuitaka dini mpya. Mama yake alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kubatizwa. Hebu fikiri, msomaji, maisha ya mtoto katika nyumba ya namna hiyo. Upande mmoja ni ngoma za wazee, ambazo kwa Wayoruba hazipigwi tu bali husema. Upande wa pili ni nyimbo za kanisani alizoimba mama. Masikio ya mtoto hayachagui. Huyapokea yote mawili.

Kijana Josiah alisomea ualimu, akafundisha watoto, na zaidi ya yote akafundisha kuimba. Jina la Ransome alilitwaa kwa kumheshimu mmisionari mmoja, na tangu hapo jamaa ikaitwa Ransome-Kuti. Baadaye akawa kasisi, na mwisho kanoni. Lakini watu hawakumkumbuka kwa vyeo hivyo. Walimwita kasisi mwimbaji. Alipofika katika kijiji ambacho watu wake hawakutaka kusikia mahubiri, hakuanza kwa kuhubiri. Alianza kwa kuimba, na watu wakatoka nyumbani mwao kuja kusikiliza.

Yakupasa kujua kwa nini walitoka, maana hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Kiyoruba ni lugha ya toni. Neno moja lenye herufi zilezile laweza kuwa na maana tatu au nne kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Neno ọkọ, sauti ikiwa ya kati mwanzo na mwisho, maana yake ni mume. Sauti ya mwisho ikipanda, ni jembe. Ikishuka, ni chombo cha kusafiria. Na sauti zote mbili zikiwa za chini, ni mkuki. Sisi tusemao Kiswahili hatuna toni, ila twaweza kuonja kidogo jambo hili katika neno barabara: ukilikazia mahali pamoja ni njia kuu, na ukilikazia pengine maana yake ni sawasawa. Lakini wenzetu wasemao Kikikuyu, Kikamba, Kijaluo na Kiluhya wanalijua vema bila kuambiwa, maana lugha zao zina toni pia.

Sasa fikiri yaliyotokea wamisionari walipozigeuza nyimbo za Kiingereza kuwa za Kiyoruba, kisha wakataka ziimbwe kwa tuni zilezile za Uingereza. Tuni ilipanda mahali ambapo neno lilitaka kushuka, ikashuka mahali ambapo neno lilitaka kupanda. Mwimbaji akamsifu Mungu kwa maneno ambayo sikioni yalikuwa mengine kabisa, au hayakuwa maneno hata kidogo. Waumini waliimba kwa utii, wakijua maana kwa kuisoma kitabuni na si kwa kuisikia.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha walimu, na katika vipindi vyangu hufundisha historia na uimbaji. Siku moja niliwaambia wanafunzi wangu wachague wimbo wa dini katika lugha ya kwao, wayaseme maneno yake kwanza kama watu wanaozungumza, kisha wayaimbe kwa tuni waliyoizoea. Mmoja wao, msichana kutoka bara, aliyasema, akayaimba, kisha akanyamaza. Nilipomwuliza ana nini akajibu, "Mwalimu, nimeuimba wimbo huu tangu utoto wangu, na leo ndiyo mara ya kwanza kujua kwamba bibi yangu, asiyejua kusoma, hakupata kuusikia." Neno hilo lilinichoma. Bibi alikuwa kanisani kila Jumapili, na wimbo ulikuwa ukimpita kama upepo.

Josiah Ransome-Kuti alikuwa mmoja wa wale waliotaka bibi asikie. Alitunga nyimbo ambazo tuni zake zilifuata njia ya maneno, kwa mwendo ambao Myoruba aliufahamu tangu utotoni. Hakuiacha dini yake hata nukta moja. Aliivika mavazi ya nyumbani. Wapo waliodhani kwamba tuni za kienyeji ni za kipagani na hazifai kumsifia Mungu. Yeye aliona kwamba Mungu hakuanza kujua Kiyoruba siku ile merikebu ya kwanza ilipotia nanga. Katika miaka ya 1920 alisafiri mpaka Uingereza, na huko akaimba nyimbo zaidi ya arubaini zikatiwa katika sahani za santuri na kampuni ya Zonophone. Sauti ya kasisi wa Abeokuta ikavuka bahari, ikarudi ndani ya sanduku. Alifariki mwaka wa 1930.

Sasa tuje kwa kizazi cha pili. Mwanawe, Israel Oludotun, alizaliwa mwaka wa 1891. Shule ya Abeokuta Grammar School ilipofunguliwa mwaka wa 1908 yeye alikuwa mwanafunzi wa kwanza kuandikwa katika daftari lake, na mwaka wa 1932 alirudi hapo kuwa mkuu wake. Alikuwa kasisi kama baba yake, na mwalimu kuliko alivyokuwa kasisi. Alikuwa rais wa kwanza wa Chama cha Walimu wa Nigeria, kilichoundwa mwaka wa 1931, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwekwa katika tume iliyochunguza habari za elimu ya juu katika Afrika ya Magharibi. Nyumbani alikuwa na kinanda, na watoto wake walijifunza kukipiga. Nyumbani vilevile alikuwa na fimbo. Wanawe walipokuwa wakubwa walisimulia kwamba kwa baba huyo mtoto wake na mtoto wa mwingine walikuwa sawa mbele ya kosa, na kwamba mama naye hakuwa mwepesi wa kusamehe.

Mama huyo ni mtu ambaye yatupasa kusimama kidogo ili tumtazame. Jina lake ni Funmilayo. Alizaliwa mwaka wa 1900 katika jamaa ya Thomas, na bibi mzaa babu yake alikuwa mmoja wa wale waliouzwa utumwani wakarudi kutoka Sierra Leone. Alikuwa mmoja wa wasichana wa kwanza kusoma katika shule ileile ya Abeokuta. Mwaka wa 1919 alikwenda kusoma Uingereza, na aliporudi aliliacha jina lake la Kiingereza, Frances, akataka aitwe Funmilayo tu. Mwaka wa 1925 aliolewa na Israel.

Nyumba yao ilikuwa shuleni, na shule ilikuwa nyumba yao. Kulikuwa na sala asubuhi na jioni. Kulikuwa na watoto wa watu wengine wengi waliolelewa pamoja na watoto wao wanne: Dolupo, msichana pekee, na wavulana watatu, Olikoye, Fela na Beko. Kulikuwa na nyimbo za kanisani, na nyimbo za shule, na nje ya ua zilikuwapo ngoma za mji ambazo ukuta haukuweza kuzizuia.

Kulikuwa pia na sanaa ya mikono, nayo ilikuwa ya wanawake. Abeokuta ni mji wa nguo ziitwazo adire, zilizotiwa rangi ya nili. Mtia nguo rangi huchukua kitambaa cheupe, akakikunja na kukifunga kwa nyuzi za mwale, au akachora juu yake kwa wanga wa muhogo kwa kutumia unyoya. Kisha hukitumbukiza katika chungu cha nili, akakitoa, akakianika, akakitumbukiza tena, hata rangi ya samawati ikolee. Pale penye fundo au wanga rangi haiingii, na hapo ndipo ua linapochanua. Mama humfundisha bintiye, na kila mchoro una jina lake. Kazi hiyo iliwalisha watu wengi wa mji ule. Wanawake hao wenye mikono ya samawati, pamoja na wachuuzi wa sokoni, ndio waliomfundisha Funmilayo jambo ambalo Uingereza haikumfundisha.

Jambo lenyewe lilianza na kusoma. Funmilayo alikuwa na chama cha wanawake waliosoma, wake za wakubwa, waliokutana kushona na kunywa chai. Katika miaka ya 1940 alianza kuwafundisha wanawake wa sokoni kusoma, na kwa kuwafundisha akayasikia yao. Wakamweleza jinsi wanavyotozwa kodi peke yao, mbali na kodi ya waume zao. Jinsi wasichana wanavyoanza kutozwa wakiwa wadogo kuliko wavulana. Jinsi watoza kodi wanavyowavua nguo wasichana ili kupima umri wao. Jinsi mchele wao unavyonyakuliwa wakati wa vita. Nao wanawake hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika baraza lililotawala mji. Basi kile chama cha chai kikafunguliwa milango. Mwaka wa 1946 kikawa Chama cha Wanawake wa Abeokuta, na Bibi Ransome-Kuti akaivua gauni ya Kizungu, akajifunga nguo ya nchi kama wenzake, na katika mikutano akasema Kiyoruba, hata mbele ya maofisa wa serikali. Asiyefahamu na atafute mkalimani!

Wakati ule Mwingereza aliutawala mji kwa kumtumia mfalme, aitwaye Alake. Kodi ilipozidi wanawake waliandika barua, wakaomba, wakatuma wajumbe. Haikuwafaa. Ndipo walipotoka. Serikali ilipokataa kuwapa ruhusa ya kuandamana, kiongozi wao alisema hawaandamani, wanakwenda mandari tu. Mwishoni mwa mwaka wa 1947 wanawake zaidi ya 10,000 walikusanyika nje ya jumba la Alake wakakesha pale. Silaha yao ilikuwa nini? Nyimbo. Waliimba usiku na mchana nyimbo walizozitunga wenyewe, zenye mafumbo na zenye matusi, nyimbo za kumvua mfalme heshima yake neno kwa neno. Alake, aliyekuwa na askari na magereza nyuma yake, hakuwa na ngao ya kukinga wimbo. Mwaka wa 1948 kodi ile ya wanawake ilisimamishwa, na Januari 1949 Alake Ademola akaondoka mjini. Kweli alirudi baadaye, maana mambo ya dunia hayaendi kama hadithi. Lakini wanawake walikuwa wamekwisha kuonja nguvu zao.

Tazama, msomaji, jinsi chuma kilivyofuliwa upya. Mkwe alikuwa ameuchukua wimbo wa lugha ya mama akautia imani. Binti mkwe akauchukua wimbo wa lugha ya mama akautia haki. Naye Fela, aliyezaliwa mwaka wa 1938, alikuwa mtoto wa miaka tisa, akitazama.

Hakuwa peke yake. Kanoni mzee alikuwa na kitukuu kwa upande wa binti yake, naye alikua karibu hapohapo, katika uwanja wa misheni wa Aké ambako baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Jina la mtoto huyo ni Wole Soyinka. Mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake wa chama kile. Mwaka wa 1981 Soyinka alitoa kitabu cha utoto wake kiitwacho Aké, na ndani yake amesimulia habari za nyumba hizo, na nyimbo, na sala, na wanawake wa sokoni, kama jicho la mtoto lilivyoziona. Mwaka wa 1986 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, naye ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kuipata. Kwa hiyo usidhani kwamba habari hii ni ya wimbo tu. Moto mmoja ulichemsha vyungu vingi.

Baba Israel alifariki mwaka wa 1955. Mwaka wa 1958 Fela alipelekwa London. Ilikusudiwa asomee udaktari kama ndugu zake, naye alipofika akajiandikisha katika Trinity College of Music, chuo cha muziki, akajifunza kupiga tarumbeta. Mwaka wa 1969 alikwenda Marekani na bendi yake, na huko akakutana na watu weusi waliomwuliza maswali juu ya Afrika ambayo yeye Mwafrika hakuwa na majibu yake. Aliporudi muziki wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa na ngoma za Kiyoruba, na jazi, na tarumbeta na saksafoni nyingi, na wimbo mmoja uliweza kudumu nusu saa. Muziki huo ukajulikana kwa jina la afrobiti. Maneno yake yalikuwa katika Kiingereza cha mitaani, kile ambacho msomi hukidharau, ili dereva wa lori na mchuuzi wafahamu. Hapa twamwona babu tena: yule aliitoa imani katika tuni za kigeni ili bibi asikie, huyu aliyatoa malalamiko katika lugha ya maofisa ili mchuuzi asikie.

Lakini imani ya babu hakuwa nayo tena. Katikati ya miaka ya 1970 alilitupa jina la Ransome akisema ni la utumwa, akajiita Anikulapo, yaani mtu aliyeyatia mauti mfukoni mwake. Ukumbi wake wa muziki huko Lagos aliuita madhabahu, na ndani yake akatambika kwa mizimu ya wazee. Mjukuu wa kanoni, mwana wa kasisi, aliimba wazi kwamba kanisa na msikiti vimewatia Waafrika usingizi. Na katika mwenendo wake yalikuwamo mengi ambayo sikusifu wala sikushauri uyafuate. Alivuta bangi akajivunia. Mwaka wa 1978 alioa wanawake 27 kwa siku moja. Naye mwana wa mama aliyewapigania wanawake aliimba nyimbo za kuwadhihaki. Mwalimu wa historia hana haki ya kumpaka mtu mafuta ili ang'are. Hana haki pia ya kuficha ushujaa wake.

Mwaka wa 1976 Fela alitoa wimbo uitwao Zombie, akiwafananisha askari na maiti zinazotembea kwa amri. Wakati huo Nigeria ilitawaliwa na jeshi. Tarehe 18 Februari 1977 askari wengi sana waliizunguka nyumba yake ya Lagos, wakawapiga waliokuwamo, wakaiteketeza kwa moto. Mama yake, ajuza wa miaka 76, alikuwamo ndani. Walimtupa nje kupitia dirisha la ghorofani. Hakupona vizuri tangu siku hiyo, na tarehe 13 Aprili 1978 akafariki. Uchunguzi ulipofanywa kosa lilibandikwa askari asiyejulikana. Mwaka wa 1979, kabla jeshi halijawakabidhi raia madaraka, Fela aliibeba sanduku ya maiti mpaka lango la kambi alimokaa mkuu wa serikali, akaiacha pale. Kisha akafanya alichokuwa akikifanya kila mtu wa nyumba ile apatwapo na jambo zito: akatunga wimbo.

Ndugu zake walishika njia nyingine. Dolupo alikuwa muuguzi. Olikoye alikuwa daktari wa watoto, akawa Waziri wa Afya toka mwaka wa 1985 mpaka 1992, akapeleka chanjo na matibabu ya kwanza vijijini. Beko, daktari pia, aliwatetea waliofungwa bila haki, mpaka yeye mwenyewe akafungwa. Walikuwa watu watulivu, tofauti na ndugu yao kama maji na moto. Lakini Fela alipofariki, tarehe 2 Agosti 1997, Olikoye aliwaita waandishi wa magazeti akawaambia wazi kwamba ndugu yake ameuawa na UKIMWI. Siku zile jamaa nyingi, Nigeria na hapa kwetu, zilizika wapenzi wao kwa kusema ni malaria au kifua kikuu. Daktari huyu aliweza kunyamaza, akalinda jina la nyumba. Alichagua kusema kweli ili watoto wa watu wengine wajilinde. Huo nao ulikuwa wimbo wa babu, ingawa haukuwa na tuni.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, Fela alikuwa mwana wa mhunzi? Hapana shaka kwamba kanoni mzee, kama angalikuwa hai, angalihuzunika. Hatuwezi kusema kwamba babu na mjukuu walikuwa kitu kimoja kwa sababu wote waliimba. Imani si kanzu ambayo mtu huivua bila badiliko lolote mwilini. Yule aliimba akimtazama Mungu, na huyu aliimba akimtazama dhalimu. Walakini nyundo ilikuwa ileile. Nyumba ile iliwafundisha watoto wake kwamba wimbo si mchezo wa kupitishia jioni. Kwamba neno likisemwa katika lugha ya watu, kwa sauti ambayo sikio lao linaifahamu, laweza kumtoa mtu nyumbani kwake na mfalme mjini kwake. Na kwamba mwenye kulisema awe tayari kulipa. Fela alilipa, na mama yake akalipa zaidi. Nadhani jibu ni hili: mzazi humwachia mtoto moto na nyundo, lakini hawezi kumwachia umbo la kitu atakachofua. Hilo ndilo tumaini la kila nyumba, na ndilo tishio lake.

Mwana wa Fela, Femi, aliyezaliwa mwaka wa 1962, ni mwanamuziki. Seun, aliyezaliwa mwaka wa 1983, ni mwanamuziki. Na Made, mwana wa Femi, alikwenda London akasoma katika chuo kilekile alichosoma babu yake, kiitwacho leo Trinity Laban. Kasisi aliyetoka kuwaimbia wanavijiji hakujua kwamba anawaimbia na hao.

Nawe, msomaji mpenzi, nyumba yenu ina chuma gani? Labda ni nyimbo za mama jikoni, au kasida za babu usiku wa Maulidi. Labda ni mikeka, au ususi wa vikapu, au hadithi za jioni. Usingoje mpaka zinyamaze ndipo uanze kuzitafuta. Jioni ya leo, ukirudi nyumbani, kaa karibu na bibi yako umwombe akuimbie wimbo wa utoto wake. Sikiliza tuni inavyofuata neno. Iwapo siku moja utaona kwamba yakupasa kufua kitu kingine, fua. Lakini kwanza jua ni nani aliyeuwasha moto.